Kisangani: Baba amewekwa nyuma ya watoto

Mama mmoja aliyekimbia Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya Mto Kongo, alifika kwa fundi wa picha katika komini ya Makiso akiwa na vitu viwili: telefone yenye picha yake na watoto, na kadi ya zamani ya mpiga kura ya mume wake. Mume aliuawa katika mapigano kati ya Wambole na Walengola, yaliyoanza mwezi wa pili 2023. Nyumba iliungua pamoja na picha zote.

"Mwanangu, utuweke pamoja," alisema.

Fundi alifungua GIMP, programu isiyolipiwa. Ndani yake picha hupangwa kwa tabaka, ambazo mafundi wa Kisangani huziita kalke, kama nailoni nyeupe zilizolazwa moja juu ya nyingine. Chini aliweka ukuta wa buluu. Katikati, baba. Juu, mama na watoto, ili baba aonekane amesimama nyuma yao, maana kadi ilikuwa na uso na mabega tu. Pembeni mwa uso alitumia maski: haifuti kitu, inaficha tu, na ukikosea unarudisha. Kivuli alikipaka kwenye tabaka yake peke yake, akakipunguza nguvu mpaka kikakubali.

Umeme ulikatika mara mbili. Hakupoteza kazi, kwa sababu alikuwa akihifadhi katika XCF, inayotunza kila tabaka. JPEG ingegandisha zote kuwa moja.

Mama aliuliza kama picha hiyo inaweza kuwa ushahidi ofisini.

"Hapana, mama. Hii ni ya ukutani. Ofisini upeleke kadi yenyewe, na usiipoteze."

Nyuma ya picha aliandika tarehe na neno "montaji". Ana sababu. Programu hiyohiyo inaweza kumpa mtu panga ambalo hakulishika kamwe, na picha ya namna hiyo ikiingia katika telefone za watu wenye uchungu, inaweza kuchoma mtaa. Familia inayotengenezewa picha itunze ile ya kwanza. Inayotumiwa picha iulize kwanza imetoka wapi.

Jioni, mtoto mdogo aliitazama sana.

"Mama, baba alikuwapo siku ile?"

"Hakuwapo. Tumemweka sisi."