Masisi na Walikale: Kununua kontrebasi iliyotumika, mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa

Katika kwaya na vikundi vya muziki vya Masisi na Walikale, chombo kinachokosekana mara nyingi ni besi. Ngoma zinatengenezwa kijijini, gita ya solo inaazimwa kwa jirani, na sauti za waimbaji zinakwenda na watu hata kambini. Lakini bila besi wimbo unaelea, na wachezaji hawajui mguu uanguke wapi. Ndiyo sababu vijana wanaopenda jazi na rumba ya zamani wanauliza kuhusu kontrebasi, ile gita kubwa ya kusimama: iliyotumika inauzwa ngapi, na mtu atajuaje kama hadanganywi?

Swali hilo si la anasa. Gita ya besi ya umeme inahitaji amplifaya, na amplifaya inahitaji paneli ya jua yenye nguvu au jenereta yenye mafuta. Vijiji vingi kati ya Nyabiondo, Kibua na Mpofi havina umeme. Kontrebasi haihitaji hata tone la petroli. Tumbo lake la mbao ndilo amplifaya yake, na ukumbi wa kanisa la mabati unaisikia vizuri mvua isiponyesha.

Tena chombo hiki si kigeni katika Kongo. Rumba ilipoanza kuwika Léopoldville miaka ya 1950, besi ya orkesta ilikuwa kontrebasi. African Jazz ya Joseph Kabasele ilizaliwa mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956, na katika OK Jazz ya mwanzo mpiga kontrebasi alikuwa Augustin Moniania, aliyejulikana zaidi kwa jina la Roitelet. Gita ya besi ya umeme, ambayo kampuni ya Fender ya Marekani iliitoa mwaka 1951, ilichukua nafasi hiyo baadaye. Neno "jazz" katika majina ya orkesta zetu, na katika yale ya Tanzania kama Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932, halikumaanisha kupiga kama Wamarekani. Lilikuwa jina la muziki wa kisasa wa kuchezea. Lakini kazi ya besi ni moja pande zote: kushika mwendo na kumwonyesha mwimbaji njia.

Anayetafuta kontrebasi aanze na kipimo. Wapiga jazi wengi duniani hutumia ile inayoitwa robo tatu. Urefu wake wote ni kama sentimita 180, na uzi unaopigwa, kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, ni kama sentimita 105. Gita ya besi ya umeme ina kama sentimita 86 tu. Kwa hiyo aliyezoea gita asitegemee vidole vyake vijue njia siku ya kwanza. Nyuzi ni nne na sauti zake ni zilezile: mi, la, re, sol.

Baada ya kipimo, mbao. Kuna kontrebasi za mbao nzima iliyochongwa, na kuna za tripleksi. Ile ya kuchongwa ina sauti tamu zaidi na bei ya juu, lakini inapasuka haraka hewa ikibadilika kati ya ukavu na unyevu. Ya tripleksi sauti yake ni fupi kidogo, lakini inavumilia. Kampuni ya Kay ya Chicago ilitengeneza nyingi za namna hiyo tangu miaka ya 1930, na wapiga jazi wengi wamepiga juu yake bila aibu. Kwa mtu wa Walikale, penye mvua na joto la msitu, au wa milima ya Masisi penye baridi ya usiku, tripleksi ndiyo chaguo la akili.

Sasa mikono ifanye kazi. Kwanza ni shingo: mnunuzi aangalie pale inapoingia mwilini, kwa sababu ufa wa hapo unabeba mvuto wa nyuzi zote nne, na kuutengeneza ni kazi ya fundi mkubwa. Pili, agonge mwili polepole kwa kifundo cha kidole kuzunguka kingo zote. Sauti ya kavu inayotetemeka inaonyesha gundi imeachia. Gundi kuachia si msiba, fundi mbao mwangalifu anaweza kuirudisha. Tatu, achungulie ndani kwa tochi ya simu kupitia matundu ya mbele. Ndani kunasimama kijiti cha mbao kati ya uso na mgongo. Wafaransa wanakiita âme, yaani roho, na kweli bila hicho chombo hakina sauti. Kikiwa kimeanguka, nyuzi zilegezwe mara moja, la sivyo uso wa mbele unaweza kubonyea au kupasuka. Muuzaji anayeonyesha kontrebasi yenye nyuzi zilizokazwa huku kijiti kimelala chini, hajui anachouza au anaficha.

Nne, ubao mweusi unaobonyezwa na vidole. Ule mzuri ni wa mpingo, mgumu na mweusi hadi ndani. Ule wa bei rahisi ni mbao laini iliyopakwa rangi, na nyuzi za chuma huuchimba mifereji. Pembeni ya ubao, penye mkwaruzo, rangi ya ndani huonekana. Mwisho, kila sauti ipigwe moja moja kutoka chini hadi juu kwenye nyuzi zote. Uzi ukilia kama nyuki mahali pamoja, ubao umechakaa au si sawa. Nyuzi zikiwa juu sana, daraja linaweza kupunguzwa. Zikiwa bado juu huku daraja limeshapunguzwa mara nyingi, huenda shingo imeshuka.

Kuhusu bei, Ulaya na Marekani kontrebasi ya tripleksi iliyotumika na inayopigika huuzwa mara nyingi kati ya dola 800 na 2.000. Seti mpya ya nyuzi peke yake hugharimu dola 100 hadi 250. Kutokana na hapo, hesabu ni ya kutoa. Tuseme muuzaji wa Goma anataka dola 600. Nyuzi zimekufa: 150. Daraja na kijiti vinahitaji fundi: 50. Gari la kupandisha Masisi-kati, kilomita 80 hivi kupitia Sake, pamoja na nafasi ya chombo kisichofungwa juu ya pikipiki: tuseme 50 nyingine. Bei ya kweli ni 850, si 600. Kwaya inayokusanya franka 2.000 kila Jumapili kwa kila mwimbaji inapaswa kujua hesabu hiyo mapema, si baada ya kulipa.

Lakini kwa watu wa hapa kuna mambo mawili ambayo vitabu vya Ulaya havina.

La kwanza ni asili ya chombo. Masisi-kati iliingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na Walikale-kati mwezi wa Machi. Watu walikimbia mara ya pili, ya tatu, wengine hawana hesabu tena. Palipokimbiwa, vitu vya shule na vya makanisa vinaweza kuibiwa, kisha vikatokea sokoni mji mwingine. Chombo cha bei ya chini kupita kiasi kinaweza kuwa cha kwaya ya watu ambao leo wanalala chini ya hema. Mnunuzi aulize kilitoka wapi, nani alikipiga, na kama kuna mchungaji, padri au mwalimu anayeweza kushuhudia. Ndani ya mwili huwa kuna karatasi ya mtengenezaji au maandishi ya kalamu. Jibu likiyumba, ni bora kurudi na pesa mfukoni.

Na kama muuzaji ni mhamaji anayeuza chombo chake ili watoto wale, kumbana hadi nusu ya bei kwa sababu ana njaa si ujuzi wa biashara. Benki za Goma zilipofungwa mwaka 2025, pesa taslimu ikawa ngumu, na mwenye dola mkononi akawa na nguvu juu ya asiyenazo. Vikundi viwili vinaweza kukubaliana vingine: kulipa nusu sasa, nusu kwa simu mwezi ujao, na mwenyewe kuruhusiwa kukinunua tena kwa bei ileile hali ikitulia. Makubaliano hayo yaandikwe mbele ya mashahidi.

La pili ni safari. Kontrebasi haikimbii. Mama anabeba mtoto na godoro, baba anasukuma chukudu yenye maharage na sufuria, na hakuna anayeweza kulaumiwa kwa kuacha chombo chenye urefu wa mtu. Kwa hiyo kabla ya kununua, kikundi kikubaliane kitawekwa wapi na nani atakilegeza nyuzi siku ya hatari. Familia zinazohama mara kwa mara zitapata faida zaidi kwa gita ya besi ndogo, hata ile ya kienyeji yenye mwili wa mbao na nyuzi za kebo za breki, ambayo kijana anaibeba mgongoni.

Kuna pia njia ya tatu, ya kutengeneza. Filamu Kinshasa Symphony ya mwaka 2010, juu ya Orkesta Simfoni ya Kimbanguiste, ilimwonyesha Albert Matubanza akitengeneza kontrebasi kwa mkono wake huko Kinshasa. Misitu ya mashariki ina libuyu na muvula, na mafundi mbao wa Masisi na Walikale si haba. Kinachotakiwa ni mbao iliyokauka vizuri kwa miezi mingi, kwa sababu mbichi itajikunja, na chombo kimoja kizima cha kupimia. Hapo kontrebasi kuukuu iliyopasuka, ambayo hakuna angeilipia dola 200 ili kuipiga, inaweza kuwa na thamani kwa fundi anayetaka kuifungua na kujifunza.