Askari Waliorudi Wazima

Vita vikiisha watu huhesabu waliokufa na waliokatwa viungo, kisha hufunga hesabu. Leo nataka kuandika habari za wale wasiotiwa katika hesabu ile, yaani askari waliorudi kwao na mikono yao miwili na miguu yao miwili, wakaanza kuugua baadaye.

Vita nisemavyo ni vile vya Ghuba ya Uajemi. Iraki iliivamia Kuwait mwezi wa Agosti 1990. Marekani, Uingereza na wenzao wakapeleka majeshi kuikomboa. Vita vya nchi kavu vilianza tarehe 24 Februari 1991, navyo vilikwisha kwa muda wa saa mia moja tu. Wamarekani peke yao walikuwa kama 697,000, na waliouawa walikuwa wachache kuliko ilivyoogopwa. Watu wakashangilia.

Walakini katika miaka iliyofuata askari wengi waliwaendea madaktari na maneno yaliyofanana: uchovu usioondolewa na usingizi, maumivu ya viungo, kichwa kuuma, tumbo kuharibika, vipele, na kusahau. Huko kusahau ndiko kunakonichoma mimi niliye mwalimu. Mtu wa miaka thelathini na kitu, kama mimi, asome ukurasa, na akifika chini asijue juu palisemwa nini! Wakapimwa damu, lakini halikuonekana jambo. Wengi wakaambiwa ni hofu ya vita tu, ni mawazo yao.

Basi na tutazame walivuta nini na kumeza nini. Majeshi ya Iraki yalipokuwa yakirudi nyuma yalitia moto visima vya mafuta zaidi ya 600. Moshi ukaleta giza mchana, na moto wa mwisho haukuzimwa hata Novemba 1991. Katika mahema mlipulizwa dawa za kuua wadudu. Askari wengi walipewa vidonge vya kuwakinga na gesi ya sumu. Tena mwezi wa Machi 1991, vita vimekwisha kabisa, askari wa Marekani walilipua silaha za adui mahali paitwapo Khamisiyah, kusini mwa Iraki, wasijue ya kuwa katika roketi zile mlikuwamo sumu iitwayo sarini. Serikali yao haikulitangaza jambo hili ila mwaka 1996. Hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha ya kwamba huenda askari kama 100,000 walifikiwa na upepo ule.

Sarini, vidonge vile, na baadhi ya dawa za wadudu zina tabia moja. Ukitaka kuinua mkono, mshipa wa fahamu hutoa kitu kidogo sana kinachoupelekea msuli amri. Amri ikiisha kufika, kimeng'enya hukivunja kitu kile, na msuli hupumzika. Sumu hizi humfunga mikono huyo mvunjaji, na amri haikomi. Sarini nyingi huua kwa dakika chache. Iliyo kidogo humwacha mtu akitembea na kuzungumza, hata jirani yake amwone mzima.

Nasi tulio wafugaji tusidhani ya kuwa hayo ni ya jangwani tu, maana dawa nyingi za josho na za shambani ni za ukoo huo huo. Mjomba wangu alisimamia josho la ng'ombe miaka mingi. Mikono yake ikaanza kutetemeka, naye aliyekuwa mpole akawa mwenye hasira, na pengine hulia bila sababu. Wengine walisema amelogwa, wengine ni mvivu. Hakuna aliyempima, wala si kazi yangu kukata shauri la ugonjwa wake. Lakini naliona neno lile "mvivu" lilivyomfanya: aliacha kabisa kuja barazani.

Kwa askari wale, mwaka 2008 baraza la wataalamu lililowekwa kwa amri ya bunge la Marekani lilitoa taarifa kubwa: ugonjwa ni wa kweli, angalau mmoja katika kila wanne anao, nao haukutokana na hofu ya vita, vidonge na dawa za wadudu ndivyo vilivyoshukiwa zaidi. Mwaka 2022 wachunguzi wa Texas walionyesha ya kuwa waliorithi mwili usioweza kuivunja sarini vizuri ndio walioelekea zaidi kuugua.

Wako waliofurahi wakisema, "Haya, ni mwili, si akili." Mimi sipendi maneno hayo. Sumu ikigusa ubongo, huzuni na hasira nazo ni dalili zake, kama vile kutetemeka. Tena mtu aliyeugua miaka kumi na saba asisadikiwe, atakosaje kuvunjika moyo? Na wako ambao kweli waliumizwa na vitisho vya vita. Je, hao hawastahili tiba?

Tangu mwaka 1994 sheria ya Marekani imeruhusu askari hao kulipwa hata ikiwa ugonjwa wao hauna jina. Waliokuwa vijana wakati ule sasa wamepita miaka hamsini. Dawa ya kuuondoa ugonjwa wenyewe haijapatikana. Madaktari hutibu usingizi peke yake, maumivu peke yake, na huzuni peke yake.