Paka Wetu na Mapunye

Tuna kosa la kukiri. Hapa Mchombe mpunga ndio riziki yetu, na paka ndiye mlinzi wa ghala. Paka wetu alipotoka viraka vya duara visivyo na manyoya, na wanafunzi wetu wawili wakaota mapunye, tuliamuru apakwe mafuta ya taa. Akajilamba, akafa. Mapunye yakabaki.

Baadaye bwana mifugo alitufahamisha kuwa maradhi hayo ni kuvu. Mbegu zake hukaa miezi mingi katika manyoya yaliyoanguka, mikekani na kofiani. Paka mgonjwa hutengwa, hulishwa, na hutibiwa wiki kadhaa kwa dawa ya kuvu aitoayo bwana mifugo. Mikeka husafishwa na nguo hufuliwa. Mtoto mwenye mapunye kichwani hupelekwa zahanati, kwani huhitaji dawa ya kumeza. Ya kupaka pekee haitoshi.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Sisi tuliokuwa tukiyasomesha hayo ndio tuliomuua kwa ujinga. Basi enyi wazazi na vijana, ulizeni kabla ya kutia dawa. Mwenyezi Mungu atusamehe.