Kiuno Kwanza, Kisha Uso

Nikishuka kwenye matatu pale Bungoma, senge wangu huniangalia kiuno kwanza, kisha uso. Desemba iliyopita aliangalia kiuno, akanyamaza, akanishika mkono hadi tulipofika kando ya barabara ndipo akauliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, umepimwa?”

Nilijua anauliza nini. Alikuwa amenizoea na kilo 96, na sasa nilikuwa nimebaki na 87. Senge ni mtu wa miaka ya tisini. Aliwazika watu waliokuwa wanene mwezi wa pili na wakawa mifupa kufikia mwezi wa nane. Ng'ambo ya Malaba, upande wa Uganda, ugonjwa wenyewe uliitwa Slim, yaani jina lake lilikuwa kukonda kwenyewe. Kwetu hatukuutaja. Tuliangalia tu viuno vya watu. Aliyenona alikuwa salama, bwana yake anamlisha, watoto wake hawatabaki yatima. Kwa hiyo mtu akinipongeza Kitale, ati “siku hizi umekuwa mama mzima,” nilikuwa nafurahi. Nani hafurahii kuambiwa ataishi?

Kumbe hesabu ilikuwa imebadilika zamani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mimi nina urefu wa mita 1.63. Gawanya kilo 96 kwa urefu huo mara mbili, unapata 36, na unene wa kupindukia unaanzia 30. Muuguzi wa kliniki moja mjini aliniandikia hiyo 36 kwa kalamu nyekundu, akacheka kidogo, akaita anayefuata. Nilitoka hapo nikanunua mandazi manne. Ndiyo, manne.

Kilichonishtua si kalamu nyekundu. Ni baba. Baba alikuwa mwembamba kama fito. Aliendesha baiskeli kutoka Kiminini hadi Kitale akiwa na miaka 70, hakuvuta sigara, pombe aliacha alipookoka. Moyo ulimwangusha akiwa na 72, asubuhi, akifunga kamba za viatu. Kwenye matanga kila mtu alikuwa na maelezo yake, na mengi yalikuwa ya majirani waliomwonea kijicho. Mimi nilikaa pale na mwili wangu wote nikijiuliza: kama ni yeye aliyekwenda hivi, mimi je?

Basi nikaanza kusoma usiku kwa simu, bando ikiisha naongeza. Ndiyo nikakutana na habari ya damu.

Ndani ya mifupa yetu kuna seli shina zinazotengeneza damu, mamia ya mabilioni ya seli mpya kila siku. Katika kunakili huko kote makosa hutokea. Mengi hayana neno. Lakini mara moja moja kosa linaangukia jeni kama TET2 au DNMT3A, na seli hiyo inapata nguvu ya kujizalisha kuliko wenzake. Miaka inapita, sehemu kubwa ya damu yako inakuwa ya ukoo wa seli moja. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Siddhartha Jaiswal na wenzake, waliandika kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kumi waliopita miaka 70 ana damu ya namna hiyo, bila ugonjwa wowote wa kuonekana. Saratani ya damu huwapata wachache, kama asilimia 0.5 hadi 1 kwa mwaka. Lililowashangaza ni moyo. Mwaka 2017 walionyesha kwamba wenye ukoo huo wanakaribia mara mbili ya hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Seli nyeupe zenye kosa ni kali kupita kiasi. Zikiingia kwenye kuta za mishipa zinawasha moto ambao haukuhitajika.

Baba angeelewa haraka. Kitale ni mji wa mbegu, Kenya Seed ilianzia hapo mwaka 1956, na yeye alifanya kibarua kwenye mashamba ya mbegu, akitembea kati ya mistari ya mahindi kung'oa kila mche usiofanana na wenzake kabla haujamwaga chavua. Mche mmoja mgeni ukiachwa, mbegu ya shamba inaharibika. Tofauti ni kwamba kwenye mfupa hakuna wa kupita kati ya mistari.

Na mafuta ya mwili, hapo ndipo nilipokaa kitako. Mafuta mengi, hasa ya tumboni, hayalali tu. Yanatoa kemikali za uvimbe mchana na usiku, na uvimbe huo ni mbolea kwa zile seli zenye kosa. Katika panya wanene zimeonekana zikiongezeka kwa kasi zaidi. Mbali na hilo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilihesabu mwaka 2016 saratani 13 zinazohusiana na unene, ikiwemo ya utumbo mpana na ya tumbo la uzazi. Kipimo cha ile damu hakimo kwenye vipimo vya kawaida vya kliniki, na waliopimwa wengi ni watu wa Marekani na Ulaya. Damu ya baba haitapimwa tena. Kilo zangu naweza kuzipima kila Jumamosi kwenye mizani ya posho mill, shilingi ishirini.

Nilimweleza senge haya yote jikoni, akisonga ugali. Alisikiliza hadi mwisho.

“Kwa hiyo ndugu yangu hakurogwa.”

“Sidhani, senge.”

“Na wewe huna ule ugonjwa.”

“Sina. Nilipimwa.”

Aligeuza ugali kwenye sinia, akakata kipande, akakitazama, akakikata tena nusu. Nusu akaniwekea mimi. Kisha akaniongezea paja la kuku, na mchuzi juu yake, akasema kuku si ugali.