Mzee akivaa modo, nani kaumia?

Nchi yetu ina sheria ambazo hazijaandikwa popote lakini kila mtu anazijua. Mojawapo ni ile ya mavazi ya wazee. Mwanamume akishafika miaka 60, umri ambao watumishi wengi wa umma wanastaafu kwa lazima, anatarajiwa aanze kuvaa kizee. Suruali pana ya kitambaa, shati lililopauka, koti hata kama jua la Dar linachoma, na kandambili. Mwanamke naye apunguze rangi, ajifunike, atulie. Akienda kinyume tu, maneno yanaanza. "Yule mzee vipi?"

Nimekuwa nikijiuliza kwa muda sasa. Hivi mtu akienda na wakati uzeeni anakuwa amemkosea nani?

Nina sababu ya kuuliza. Babu yangu mzaa mama alizaliwa mwaka 1947. Alifanya kazi bandarini hapa Dar, akaanza kama tarishi na kumaliza kama karani, kisha akastaafu na kutulia nyumbani kwake Magomeni. Bibi alifariki mwaka 2021. Baada ya hapo, kwa miaka miwili, babu alivaa koti moja la kijivu. Lile lile. Msibani, sokoni, kliniki, kwenye harusi za wajukuu... koti la kijivu.

Halafu mwaka 2023 akabadilika ghafla. Alikwenda Karume pale Ilala, akachambua mitumba mwenyewe, akarudi na suruali ya modo ya bluu, fulana ya kola na raba nyeupe. Akapita kinyozi akachongwa ndevu. Mzee wa miaka 76! Jamani, mtaa ulisimama. Vijana wa kijiweni wakampa jina hapo hapo, "Babu Modo".

Wiki tatu baadaye kikaitishwa kikao cha familia.

Mama mkubwa ndiye aliyefungua. "Baba, shikamoo. Hatujaja kukufokea, lakini watu wanatucheka." Mjomba akaongezea kwamba heshima ya mzee ni mavazi. Shangazi mmoja aliyealikwa sijui kwa nini akasema siku hizi hata kanisani watu wanageuka kumtazama. Babu alikaa kimya, mikono juu ya magoti, ile modo yake imemkaa vizuri tu.

Kazi ya uandishi wa habari inafundisha jambo moja. Ukienda kwenye mkutano wenye ajenda tano, usiondoke mpaka ufike kwenye "mengineyo". Habari yenyewe huwa iko huko. Na kweli, mengineyo yakafika. Mjomba akakohoa kidogo, akasema, "Sasa mzee, kama ni suala la kuoa si utuambie tujue? Maana hii nyumba..."

Naam! Kumbe suruali haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa nyumba.

Hapo ndipo babu alipojibu, tena kwa sauti ya chini. Alisema: "Mwaka 1968 niliambiwa wewe ni kijana, usivae suruali ya kubana. Leo naambiwa wewe ni mzee, usivae suruali ya kubana. Naomba mnielekeze, niivae lini?"

Watu walicheka mpaka mama mkubwa akajifuta machozi. Lakini babu hakuwa anatania. Kwa wasiojua, mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969 ilikuwa marufuku kuvaa sketi fupi na mawigi, marufuku kutumia dawa za kujichubua, na wanaume marufuku suruali za kubana. Hoja ilikuwa kwamba huo ni utamaduni wa kigeni unaoharibu taifa changa. Pale Kariakoo makundi ya vijana yaliwavamia akina dada waliovaa nguo fupi, na polisi wakalazimika kuingilia. Magazeti ya wakati ule yalijaa barua za wasomaji, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza kwa nini taifa lilindwe kwa kupima sketi za wanawake.

Sasa piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo anakaribia 80. Hawa ndio wazee tunaowaambia wavae kizee! Wamepita Operesheni Vijana, wakapita miaka ya 1970 ya bugaluu iliyofagia barabara na viatu vya raizoni, nywele za afro zikipigwa picha studio. Halafu ikaja suti ya Kaunda, ofisi nzima imevaa sare bila kuambiana. Kizazi hiki kinajua mitindo kuliko sisi. Sisi tunaona tu kwamba wamezeeka.

Na hiyo suti ya Kaunda ina kisa chake. Kenneth Kaunda alifariki Juni 17, 2021 akiwa na miaka 97. Kufikia wakati huo suti yake ilikuwa imehesabiwa kuwa nguo ya wazee, ya kuvalia kwenye mikutano ya wastaafu. Miaka miwili baadaye Rais William Ruto wa Kenya akaanza kuivaa mara kwa mara, na vijana wa Nairobi wakakimbilia kwa mafundi kushonewa. Ikapamba moto hadi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, akapiga marufuku kuivaa bungeni. Yaani nguo ya mzee imekuwa ya ujana mpaka ikapigwa marufuku. Mzee ambaye hakuwahi kuiacha aliamka asubuhi moja akajikuta yuko kwenye fasheni bila kununua hata kifungo!

Kwa wakubwa huwa tunapiga makofi. Nelson Mandela aliapishwa kuwa Rais wa Afrika Kusini Mei 1994 akiwa na miaka 75. Alikuwa amekaa gerezani miaka 27 akivaa nguo alizochaguliwa na wengine. Alipokuwa huru na madaraka anayo, akaanza kuvaa mashati ya rangi yenye michoro, yamening'inia nje ya suruali, bila tai. Dunia nzima ikasema mzee kapendeza, na mashati yakaitwa kwa jina lake la Madiba. Papa Wemba wa Kongo, aliyewafundisha vijana wa Kinshasa kwamba kuvaa ni sanaa, alianguka jukwaani Abidjan Aprili 24, 2016 akiwa na miaka 66. Mpaka siku hiyo hakuna aliyemwambia astaafu kupendeza. Lakini mstaafu wa Magomeni akinunua modo, tunaitisha kikao.

Upande wa wanawake, nadhani pwani walishalitafutia dawa suala hili zamani. Bibi yangu mzaa baba yuko Tanga, umri wake ni wa babu. Hakosi kanga mpya. Toleo likiingia mjini anataka doti, anaangalia pindo, anasoma jina, anauliza rangi nyingine zipo? Kanga ni mtindo unaobadilika kila msimu, lakini hauulizi umri wa anayejifunga. Msichana wa miaka 18 na bibi wa 78 wanaweza kununua doti ile ile siku ile ile na wote wakawa sawa. Kitenge nacho ni hivyo, kitambaa ni cha wote na mitindo inakuwa kwenye mshono. Ndiyo maana huwezi kumwambia bibi kapitwa na wakati. Atakucheka.

Ila hata huko kuna mpaka. Mjane akianza kununua doti za rangi kali mapema kidogo, masikio yanasimama. Maneno ni yale yale ya babu: anatafuta mume. Tofauti ni kwamba kwa mwanamke maneno yanakuwa makali zaidi na kikao kinaitishwa haraka zaidi.

Wanaume hatuna kanga. Tuna suruali, na suruali siku hizi haichaguliwi na anayeivaa. Zamani ulikwenda kwa fundi na kitambaa chako, akakupima, ukasema nataka mguu upana huu. Mzee akiamua kubaki na mtindo wake wa mwaka 1975, fundi alimshonea. Tangu biashara ilipolegezwa miaka ya 1980 na mitumba ikajaa, mambo yamegeuka. Robota likifunguliwa, kilichomo ni kile walichokichoka watu wa Ulaya na Marekani miaka michache iliyopita. Huko walipovaa za kubana, sokoni kwetu zikajaa za kubana. Mzee mwenye shilingi elfu nane mfukoni anachukua kinachomtosha kiuno. Kwa hiyo wazee wengi unaowaona wamevaa "kijana" hawakukaa wakaamua kwenda na wakati. Wakati umewafuata sokoni.

Na tuseme ukweli, si kila kilicho cha kisasa kinamfaa mzee. Mwili unabadilika. Mgongo ukianza kupinda, koti linashuka mbele na kupanda nyuma. Makalio yanapungua na suruali haina pa kushika. Vidole vinakuwa vigumu na vifungo vidogo vinakuwa adhabu. Soli ya kiatu ikiteleza, mzee anaanguka, na kuanguka uzeeni si jambo dogo. Lakini ukiangalia vizuri utaona nguo nyingi za siku hizi zina huruma kwa mwili huo kuliko suti za zamani. Kuna vitambaa vinavyovutika, kuna viuno vya mpira, kuna raba nyepesi zenye soli inayoshika chini. Babu aliniambia ile modo yake inavutika, akiinama haimkabi. Lile koti la kijivu lilikuwa linamchosha mabega.

Fundi mzuri naye bado ana kazi hapa. Koti la mzee aliyepinda linapunguzwa mbele na kuongezwa nyuma, linakaa sawa kama alivyokuwa na miaka 40. Suruali inabanwa kidogo nyuma ya kiuno. Hakuna uchawi, ni kupima mwili aliokuwa nao leo badala ya ule wa kwenye picha ya ukutani.

Baada ya kile kikao nilibaki na babu barazani. Sisi na babu ni watani, kwa hiyo niliweza kumuuliza yale ambayo mama yangu asingethubutu. "Babu, kweli unatafuta mke mwenzangu?" Akacheka. Akasema hapana, bibi yako anamtosha, japo yuko kaburini.

"Sasa modo ya nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Lile koti nilizikia nalo bibi yako. Kila nikilivaa watu wananipa pole. Dukani pole, kwenye daladala pole, mpaka watoto wadogo wanasema pole babu. Miaka miwili, mjukuu wangu. Nimechoka kupewa pole. Nikivaa hivi wananitania, wananiita Babu Modo. Afadhali kutaniwa."

Tangu siku ile naona suala hili kwa namna nyingine. Tunapomwambia mzee avae kizee, tunadhani tunalinda heshima yake. Mara nyingi tunamwambia akae pembeni, asionekane, asubiri. Na wengine, tusifichane, tunalinda urithi. Kama hofu ni nyumba, basi ndugu wakae wazungumze nyumba, mzee aandike wosia akiwa na akili timamu, mambo yaishe. Kumzungusha mtu kwenye suruali kwa sababu ya hati ya kiwanja ni kumvunjia heshima mara mbili.

Ombi langu ni dogo. Sikukuu ikikaribia wengi wetu tunawanunulia wazazi nguo. Tunachukua shati la mikono mirefu la kahawia, au gauni la kijivu, tunasema hili la mzee. Hatuulizi. Safari hii uliza. Mpeleke sokoni achague mwenyewe, au mpeleke kwa fundi apimwe upya. Anaweza kukushangaza.

Babu yeye ana mpango mwingine kabisa. Ameona wajukuu tumeanza kurudi kwenye suruali pana, akaniita wiki iliyopita nimsaidie kushusha sanduku la bati juu ya kabati. Kuna bugaluu ya mwaka 1974 humo ndani. Nondo wameila kidogo kwenye pindo, lakini anasema fundi akiikata kwa chini itavalika, na akanipima mimi kwa macho kuanzia kiunoni.