Siku niliyochekesha watu Njombe

Juzi dogo mmoja anayetaka kuwa msanii kaniuliza, "Kaka, kuigiza kunalipa?" Nikamwambia kunalipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Baadaye nikakumbuka kwamba sijawahi kuandika kuhusu kazi yangu ya kwanza, kabla sijashika kalamu na kinasa sauti.

Ilikuwa 2018. Kikundi kimoja cha sanaa kilinichukua kwa miezi mitano, tukizunguka mkoa wa Njombe na igizo la UKIMWI. Mkoa ule ulizaliwa 2012 kutoka Iringa, na tangu mwanzo ulitajwa kwa jambo hilo: utafiti wa 2011-12 uliukuta na maambukizi ya asilimia 14.8, wakati taifa zima lilikuwa na 5.1. Ule wa 2016-17 ukakuta asilimia 11.4, bado wa kwanza nchini. Kwa hiyo kazi ya kuelimisha ilikuwepo, na sisi tukapata ugali.

Nilicheza dereva wa lori anayewaficha dawa zake mkewe. Mahali pake ni Makambako hasa, pale barabara ya kwenda Songea inapoiacha ile kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, malori yanalala na stesheni ya TAZARA ipo. Jamani, kuigiza Makambako ni shughuli! Hakuna ukumbi wala spika, unashindana na honi za mabasi na wauza mahindi. Wiki ya kwanza sauti ilikauka kabisa. Mama lishe mmoja akanipa tangawizi niwe natafuna, na tangu siku hiyo kipande hakikukosekana mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi.

Igizo letu lilikuwa shirikishi. Likifika pabaya, mwezeshaji analisimamisha na kuuliza nani angefanya tofauti, kisha mtazamaji anaingia na kushika nafasi ya mhusika. Mbrazili Augusto Boal ndiye aliyeieneza njia hii. Ila hata hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 80, kina Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa Malya, mkoani Mwanza, wakitengeneza michezo pamoja na wanakijiji wenyewe.

Mimi hayo yote sikuyaelewa. Nilichoelewa ni vicheko.

Siku moja mwezi wa saba tulikuwa Njombe mjini, karibu na soko, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Tukafungua kwa kamwene, watu wakaitikia, tukaanza. Mwezeshaji aliposimamisha, akaingia mama mmoja wa makamo mwenye kitenge begani, akachukua nafasi ya mke wangu. Akanitazama, akauliza taratibu, "Baba, hizo dawa unazinywea wapi?"

Nikamjibu hapo hapo, "Nanywea kwenye lori, mke wangu, nyumbani maji yenu ya baridi yatanivunja meno!"

Watu walicheka mpaka wengine wakainama. Yule mama akatabasamu kidogo, akavuta kitenge chake, akarudi kukaa. Hakusema tena. Nilipoangalia mwishoni alikuwa ameshaondoka.

Usiku nikiwa nasubiri sifa, mwezeshaji wetu akaniambia, "Dogo, yule mama umemshinda. Sasa tulikuja kumshinda?" Akaendelea kula.

Sikulala vizuri. Alivyouliza vile, hakuwa anaigiza. Huenda alikuwa na swali hilo nyumbani kwake kwa miaka, akapata ujasiri wa kulisema mbele ya watu, mimi nikalifunga kwa utani. Mpaka leo nikimhoji mtu akanyamaza katikati, namwona yule mama, nami nabana mdomo.

Wiki mbili baadaye tulirudi Makambako. Akaingia kijana, konda wa basi, kucheza mke, watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Akauliza swali lile lile. Jibu la kuchekesha lilinijia, tena zuri kuliko la kwanza. Nikakaa kimya. Konda naye kimya, vicheko vikapungua, vikaisha. Kisha akasema, "Basi nioneshe."

Sikuwa na dawa yoyote ya kuigizia. Nikatoa ile tangawizi kwenye karatasi yake, nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili.