Gari la Vyombo, Si la Watu



Juma lililopita mmoja wenu aliniuliza darasani: "Mwalimu, unaishi peke yako. Kwa nini ulinunua gari lenye nafasi kubwa nyuma, tena viti vyake umevilaza daima?" Nilicheka, nikamwahidi jibu la maandishi. Jibu linaanza na muziki, linapitia kwa wauza magari, na linafika kwenye maswali mawili ambayo somo la uraia haliwezi kuyakwepa: nani anaruhusiwa kwenda wapi, na mali huandikwa kwa jina la nani?

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Mbeya, na hapa Lilongwe ninafundisha kwa kibali cha kazi. Jioni hupiga gitaa la besi. Muziki haujawahi kunilisha. Ni mimi ninayeulisha. Mwaka 2021 nilijiunga na kikundi cha watu sita. Wenzangu watano walikuwa wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na wakati huo walikuwa wakifanya biashara ndogondogo mjini. Tulifanya mazoezi sebuleni kwangu. Tulipoalikwa arusini, malipo yetu yalikuwa chakula, soda na nauli, na nauli yenyewe iliishia kwa mwenye basi dogo tulilokodi kubebea spika. Ndipo nilipoanza kuweka akiba ya kununua gari langu la kwanza.

Sikuwa na shaka juu ya gari nililolitaka. Lilikuwa Toyota Noah, lenye viti vinane na milango ya ubavuni inayoteleza. Nilishapiga hesabu: watu sita wangeketi, na kiti kimoja cha nyuma kingekunjwa ili kinanda na ngoma vipate pa kukaa. Noah hunywa mafuta zaidi kuliko magari madogo, lakini tungechangiana. Mfanyakazi wa nyumba ya jirani alikwisha kutania kwamba ninatafuta basi la timu ya mpira.

Mwezi Mei 2023 hesabu hiyo ilivunjika. Serikali ya Malawi ilianza kutekeleza agizo kwamba wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi katika kambi ya Dzaleka. Wenzangu watano walirudi, kila mmoja na mzigo alioweza kuubeba. Vyombo vya muziki vilibaki sebuleni kwangu, kwa kuwa huko kambini hapakuwa na chumba kikavu chenye kufuli.

Dzaleka iko wilayani Dowa, yapata kilometa 45 kaskazini mwa Lilongwe. Zamani, katika utawala wa Kamuzu Banda, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa; mwaka 1994 pakageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, lakini leo wanaishi zaidi ya 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia, Wasomali. Ukipita sokoni utasikia Kiswahili kila upande, maana ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Mkimbizi anayetaka kutoka kambini huhitaji ruhusa.

Nilitaka kuelewa jambo hili kwa akili, si kwa hasira, kwa hiyo nikasoma sheria. Malawi ilijiunga na Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi mwezi Desemba 1987, lakini iliandika kwamba haitafungwa kikamilifu na baadhi ya vifungu. Kifungu cha 26 kinahusu uhuru wa kwenda na kukaa. Hapo serikali ilijiwekea haki ya kupanga mahali watakapoishi wakimbizi, na kuzuia mwendo wao pale usalama wa taifa au utulivu wa umma unapohitaji. Kifungu cha 13 kinahusu haki ya kupata mali, ikiwamo mali inayohamishika, na gari ni mali ya namna hiyo. Malawi hukihesabu kifungu hicho kuwa pendekezo tu, si wajibu wa kisheria. Nilivisoma vifungu hivyo mara mbili. Sikuwa nimefikiri kwamba karatasi iliyoandikwa Geneva kabla sijazaliwa ingeamua idadi ya viti katika gari langu.

Novemba mwaka huohuo pigo la pili likaja. Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, kutoka takriban kwacha 1,180 kwa dola moja hadi 1,700. Magari yaliyotumika huletwa kutoka Japani na hununuliwa kwa dola. Mengine hushushwa bandarini Dar es Salaam, kisha huendeshwa hadi mpaka wa Songwe. Tazameni hesabu yenyewe: kwacha 1,180,000, zilizotosha kununua dola 1,000 siku moja kabla, sasa zilinunua dola 694 hivi. Sikuibiwa wala sikutumia hata tambala, ila karibu theluthi ya akiba yangu iliyeyuka nikiwa usingizini.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi dogo kwenda Dzaleka kuwapa wenzangu habari. Mpiga ngoma wetu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, tumezungumza. Tuna kiasi fulani tulichobakiza baada ya kuuza bidhaa za duka. Ongeza kwenye fedha yako, ununue lile gari kubwa."

Naungama kwamba nilitamani. Fedha yao ingeziba pengo lote, na Noah ingekuwa yetu. Njiani nikirudi nilijiuliza: yetu, kwa jina la nani? Hati ya usajili ingebeba jina langu peke yangu. Sehemu yao ingeishi kinywani mwangu tu. Je, nikifa? Nikihamishwa kikazi? Tukigombana? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tena, wenzangu wangetoa akiba yao ya mwisho kununua viti vitano ambavyo wasingeruhusiwa kuvikalia bila ruhusa. Nisingeweza kuita jambo hilo ushirika.

Juma lililofuata nilirudi, nikawaambia, "Ndugu zangu, fedha yenu ibaki kwenu. Nitanunua gari ninaloliweza mwenyewe." Kimya kilikuwa kirefu. Mpiga kinanda alidhani nimewadharau, naye alisema hivyo waziwazi. Nilieleza tena, safari hii kwa kutaja hati, jina na mahakama. Mwishowe mpiga ngoma akatikisa kichwa na kusema, "Basi tuachie mafuta. Mafuta hayaandikwi jina la mtu." Tukakubaliana hivyo, na tukaandika: nani atachangia kiasi gani kwa safari, na kwamba mchango huo haumpi mtu sehemu ya gari. Sote sita tulitia sahihi. Karatasi moja ninayo mimi, nyingine wanayo wao.

Sasa swali la gari lilikuwa limegeuka. Nilikuwa nimetafuta gari la watu. Kumbe nilihitaji gari la vyombo. Mpiga ngoma alinifundisha kwa simu namna ya kulichagua: "Usipime kwa macho, Mwalimu. Motokari hudanganya macho. Chukua kamba." Motokari ndivyo wengi wa Kongo waitavyo gari. Nilichukua kamba, nikaipima kwa vyombo vyote na kufunga mafundo: fundo la kwanza upana wa ngoma kubwa, sentimeta 56, la pili kimo cha spika, 70, la tatu urefu wa sanduku la gitaa, 120, la nne urefu wa kinanda, 135.

Nikazunguka Lilongwe na kamba mfukoni. Wauza magari walinitazama kama mganga. Toyota Wish na Toyota Sienta yana viti saba na hupendeza, lakini nilikuwa nikilipia viti ambavyo ningevikunja kila siku. Honda Fit ni dogo kwa nje na la ajabu kwa ndani, kwani kiti chake cha nyuma huinuliwa kama cha sinema; hata hivyo spika mbili na ngoma kwa pamoja zililishinda. Toyota Probox ndilo gari ambalo hakuna kijana anayeliota. Lilianza kutengenezwa mwaka 2002 kwa ajili ya wafanyakazi wa kubeba mizigo, na halina urembo wowote. Lakini viti vya nyuma vikilazwa, sakafu hunyooka, na mafundo yote manne yaliingia, nafasi ikabaki. Injini yake ni ya lita 1.3 au 1.5, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi.

Probox la kwanza nililolipenda sikulinunua. Bei ilikuwa nzuri mno, na rangi iling'aa. Nilipolinganisha namba ya chesisi iliyopigwa chumani na ile iliyoandikwa kwenye hati, tarakimu mbili zilitofautiana. Muuzaji alisema ni kosa la mwandishi. Huenda lilikuwa kosa kweli. Nilimshukuru, nikaondoka.

La pili nilikwenda kulitazama alfajiri pamoja na fundi, kabla injini haijawashwa, kwa sababu injini iliyokwisha kupata moto huficha maradhi yake. Tulitazama moshi. Tulifungua kifuniko cha mafuta ya injini: yakiwa na rangi ya maziwa, huenda maji yamepenya. Tulisoma tarakimu nne zilizo ubavuni mwa kila tairi: 2319, kwa mfano, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Kisha tukakagua hati ya usajili, uthibitisho wa ushuru uliolipwa, na kitambulisho cha muuzaji. Vyote vilipatana. Sikutoa fedha yote mpaka umiliki ulipobadilishwa kwa jina langu.

Safari ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa mwaka 2024. Sikuwa wa kwanza kuifuata njia hiyo na muziki. Mwaka 2014 mshairi wa Kikongo Trésor Nzengu Mpauni, aitwaye Menes La Plume, alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya Dzaleka, na tangu hapo watu wa Lilongwe huenda kambini kusikiliza muziki badala ya kungoja wanamuziki waje kwao. Mimi nilibeba ngoma tu. Mpiga ngoma alilizunguka gari, akagonga bati lake kwa vidole, akasikiliza. "Lina sauti mbaya," alisema, "lakini tumbo zuri."

Tulipiga hadi jua kuzama. Wakati wa kuagana, walinisaidia kupakia vyombo. Kiti cha abiria kando yangu kilikuwa kitupu, na kila mmoja wetu alikiona. Hakuna aliyesema neno. Nililiwasha gari nikaondoka.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, viti vya nyuma nimevilaza kwa sababu hiyo. Sikuving'oa. Siku ruhusa itakapopatikana, itanichukua dakika moja kuviinua.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini mwandishi alikataa fedha ya wenzake? Je, wewe ungeikubali? Toa sababu.
2. Serikali ina wajibu wa kulinda usalama, na mtu ana haki ya kwenda atakako. Mpaka kati ya mambo hayo mawili uwekwe wapi?
3. Andika mapatano mafupi ya watu watatu wanaotaka kununua kitu kimoja kwa pamoja. Taja jina litakaloandikwa kwenye hati, na haki ya kila mmoja.

Mwalimu wenu